Sura ya Sita: Nichungie Mzigo

Abiria aliyeshuka Kalundu, bandari ya Uvira, asubuhi akitokea mji wa Baraka ana saa nyingi za kungoja kabla gari la Bukavu halijajaa. Ana viroba viwili vya ndagala, bidoni la mawese, begi la nguo, na mara nyingi godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Mjini ana shughuli zake: kufuata karatasi ofisini, kumwona mgonjwa hospitalini, kununua dawa, kumsalimia shangazi anayekaa mtaa wa Kimanga. Akivibeba vyote hatafanya hata moja kati ya hayo. Akikodi pusipusi imfuate kutwa, nauli ya Bukavu itaishia Uvira. Akiviacha ufukoni peke yake, atakuta mchanga mtupu. Basi hutafuta mtu mwenye mlango na kufuli, akamwambia: "Mama, unichungieko hii mizigo, nitarudia."

Ombi hilo lina sehemu mbili. Mizigo inaomba mahali pa kukaa. Hilo ni jambo la chumba, mbao na kufuli. Kisha kuna kule kurudi, na hapo ndipo penye uzito. Anayetunza mzigo wa mtu amekubali kuamini kwamba mtu huyo atarudi, na kuendelea kuamini hata siku zikipita. Sura hii inahusu imani hiyo: jinsi ilivyovunjwa zamani kando ya Ziwa Tanganyika, jinsi watu wa Uvira wanavyoishika leo, na namna inavyopaswa kuandikwa katika kanuni za stesheni na bandari zitakazojengwa kesho.

Mahali safari inapokatika

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, nalo linaishia hapa. Anayetoka kusini kwa maji lazima ashuke. Mbele yake kuna njia mbili. Moja inapanda bonde la Ruzizi kupitia Kiliba, Sange, Luvungi na Kamanyola, kisha inakwea milima kuelekea Bukavu. Nyingine inapita Kavimvira, inavuka mpaka hadi Gatumba, na baada ya muda mfupi inaingia Bujumbura.

Kila njia ina saa yake. Boti hutegemea upepo na mawimbi. Gari huondoka likijaa. Mpaka hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, na aliyechelewa dakika chache hulala upande aliokutwa. Saa hizi tatu hazipatani, ndiyo maana msafiri wa Uvira daima ana muda wa kungoja uliojengwa ndani ya safari yenyewe. Kungoja mikono ikiwa mitupu kunamwacha mtu huru kutengeneza mambo yake. Kungoja na bidoni la mawese ni kufungwa mahali pamoja.

Kulikuwa na wakati treni ilikuwa sehemu ya safari hii. Reli ya kati ya Tanganyika ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata reli ya kampuni ya Kibelgiji, iliyojulikana kwa herufi CFL, ilifika ziwani upande wa Kongo, pale panapoitwa Kalemie leo. Kisha, katika miaka ya 1930, Uvira nayo ikawa na treni yake: reli ya Kivu, iliyotoka bandarini na kupita bondeni kilomita 90 hivi hadi Kamanyola. Ilikusudiwa kuwaunganisha watu wa Kivu na ziwa, lakini milima ilisimama mbele yake, na abiria akashushwa chini ya mlima apande gari. Kabla ya uhuru wa mwaka 1960 reli hiyo ilikuwa imekwisha kufungwa. Barabara ikachukua kazi yake.

Hata hivyo, bandari ya Kalundu imebaki mikononi mwa SNCC, shirika la reli la taifa. Jina la reli limedumu mahali ambapo hakuna treni. Abiria naye amebaki na haja zile zile alizokuwa nazo babu yake: mahali pa kukaa, maji ya kunywa, choo, na chumba cha kuacha mzigo. Haja hiyo ya mwisho imeachiwa watu binafsi: wenye depo karibu na bandari, wenye maduka kwenye parkingi, wakala wa magari, nyumba za wageni, parokia, na ndugu wa ukoo.

Mali iliyoachwa Ujiji

Wenyeji wa ziwa hili walijua kutunza mizigo ya wasafiri tangu enzi za misafara. Mwaka 1858, wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi, walikuta ni kituo cha mwisho cha kaskazini kwa wafanyabiashara waliotoka Ujiji, mji wa ng'ambo ya ziwa karibu na Kigoma. Biashara ya namna hiyo haiendi bila ghala. Mtu alitoka pwani na nguo, shanga na waya wa shaba, akaacha sehemu Tabora, sehemu Ujiji, akaenda mbele na kile kilichomtosha. Aliyekuwa na mtunzaji mwaminifu nyuma yake aliweza kwenda mbali. Aliyekosa, safari yake iliishia pale nguo zake zilipoishia.

Ushahidi mkubwa ni wa mvumbuzi David Livingstone. Mwezi Machi 1869 alifika Ujiji akiwa mgonjwa, akitegemea mali iliyotumwa kwake kutoka pwani. Alikuta sehemu kubwa imeibwa. Akavuka ziwa akaenda Manyema, akakaa huko muda mrefu kuliko alivyopanga, na tarehe 23 Oktoba 1871 akarudi Ujiji amechoka kabisa. Safari hii mali mpya ilikuwa imefika mikononi mwa mtu aliyeitwa Sherif. Kwa maelezo ya Livingstone mwenyewe, Sherif alikuwa ameiuza yote: kati ya yadi 3,000 za nguo hapakubaki hata yadi moja, na kati ya ratili 700 za shanga hapakubaki hata uzi. Sababu aliyoitoa Sherif ni kwamba alipiga ramli akaona kuwa Livingstone amekufa.

Sababu hiyo inastahili kutazamwa vizuri. Wizi wa kawaida hauhitaji maelezo. Sherif alihitaji kwanza kumfanya mwenye mali awe marehemu, ndipo aiguse mali. Alijua, kama kila mtu pale Ujiji alivyojua, kwamba mzigo wa mtu aliye hai hauuzwi. Kwa hiyo aligeuza kuchelewa kuwa kifo. Livingstone alikuwa hai ng'ambo ya ziwa, lakini habari zake hazikufika, na mtunzaji akachukua ukimya kuwa ruhusa.

Kilichomwokoa na njaa siku zile za kwanza, kabla mwandishi wa habari Stanley hajafika, ni nguo na shanga chache alizokuwa ameziacha Ujiji kwa tahadhari kabla ya kwenda Manyema. Katika mji ule ule, mali kubwa ilipotea na akiba ndogo ikasalimika. Mwezi Novemba yeye na Stanley walipanda mtumbwi hadi mwisho wa kaskazini, wakaona kwa macho yao kwamba maji ya Ruzizi yanaingia ziwani, hayatoki. Safari hiyo inakumbukwa katika vitabu vya jiografia. Habari ya mali iliyouzwa Ujiji inawahusu zaidi wenye depo wa leo.

Kabati la saa 72

Stesheni kubwa za dunia zimejaribu kutatua jambo hili kwa mashine. Mtu anaingiza sarafu au kadi, kabati linafunguka, anaweka begi, anaondoka na namba. Hakuna anayemuuliza jina wala aendako. Japani makabati haya yapo katika stesheni nyingi, na kwa kawaida mzigo hukaa siku tatu tu. Ukizidi hapo unaondolewa na kupelekwa ghala jingine. Katika stesheni za Ufaransa kikomo ni saa 72.

Kabati lina faida nyingi. Halilali, halina upendeleo, halimwonei haya mgeni. Lakini halimjui mwenye mzigo, na kwa sababu halimjui, haliwezi kumsubiri. Pia halijui lililowekwa ndani. Mwaka 1995, baada ya mabomu kulipuka Paris, makabati ya stesheni za Ufaransa yalifungwa. Yaliporudishwa, begi lilipaswa kupita kwanza kwenye mashine ya kumulika. Ilionekana kuwa hata nchi yenye vyombo vyote haiwezi kutunza kitu bila kukijua.

Kikomo cha siku tatu kinafaa pale treni inapofika kwa wakati na barabara haifungwi. Ukikileta Kalundu, kitawanyang'anya watu mali yao kila mwezi wa mvua. Mto ukifurika, daraja likikatika, risasi zikisikika bondeni, saa 72 zinakwisha abiria akiwa bado Luvungi anangoja njia.

Kazi ya mwenye depo

Anayefanya kazi hii vizuri Uvira anafuata utaratibu, hata kama haujaandikwa ukutani. Kwanza hutazama mzigo mbele ya mwenyewe. Huuliza kilichomo, na begi la mtu asiyemjua huomba lifunguliwe. Hilo halitokani na udadisi. Katika mkoa uliojaa silaha, mtu akiacha begi lenye risasi, au dhahabu isiyo na karatasi, au bangi, askari wakija watamkamata aliyekutwa nalo. Mwenye depo anayekataa mzigo usiofunguliwa anawalinda pia wenye mizigo mingine yote iliyomo chumbani.

Kisha hupanga. Ndagala na mikebuka iliyokaushwa ina harufu inayoingia kwenye nguo na unga, basi huwekwa peke yake, karibu na dirisha. Mawese hukaa chini, mdomo wa bidoni ukiwa juu, mbali na magodoro. Balo za nguo hubebana zenyewe. Unga na simenti havipaswi kugusa sakafu. Huwekwa juu ya mbao. Uvira imejifunza ubora wa mbao kwa machozi. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka kwenye njia yake ukabomoa nyumba na kuua watu wengi. Miaka hiyo hiyo ziwa lenyewe lilipanda, likaingia katika nyumba na barabara za pwani, na bandari ya Kalundu haikusalimika. Tangu hapo depo isiyo na vichanja imara si mahali pa kuacha mali.

Baada ya kupanga, kuna kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule linatosha: jina, namba ya simu, idadi ya vipande, alama ya kila kipande, siku ya kuweka, siku ya kuchukua, bei. Namba huandikwa kwa wino mzito juu ya kiroba, na namba hiyo hiyo juu ya kipande cha katoni anachopewa mwenyewe. Simu imeongeza nguvu: mzigo unapigwa picha pamoja na mwenyewe akiwa amesimama kando yake, na picha inabaki katika simu zote mbili. Malipo yanaweza kutumwa kwa simu, na ujumbe wa malipo ni ushahidi kwamba mzigo ulipokelewa.

Mstari mmoja mara nyingi husahaulika, nao ndio ninaouombea sana: jina na simu ya mtu wa pili. Mtu wa kuulizwa kama mwenyewe haonekani. Sherif angelikuwa na mtu wa namna hiyo wa kumuuliza, ramli isingelikuwa na kazi.

Sheria inasema nini

Wengi hudhani kuacha mzigo kwa mtu ni jambo la urafiki tu, kwamba likiharibika hakuna pa kwenda. Sivyo. Kongo ina sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ya enzi ya Dola Huru ya Kongo, na ndani yake kuna mlango mzima kuhusu amana. Mtunzaji anatakiwa kuangalia kitu alichoachiwa kwa uangalifu ule ule anaoutumia kwa mali yake. Akilipwa, anadaiwa uangalifu zaidi. Hana ruhusa ya kukitumia bila mwenyewe kukubali. Kikiwa katika sanduku lililofungwa, hana ruhusa ya kulifungua ili kujua kilichomo. Anapaswa kurudisha kitu chenyewe, si mfano wake, na kukirudisha pale mwenyewe anapokidai. Kwa msiba usiozuilika, kama mafuriko, hadaiwi, isipokuwa alikwisha kutakiwa kukirudisha naye akakawia.

Mwenye mali naye ana deni. Anapaswa kulipa gharama za kukitunza kitu, na mtunzaji anaweza kukizuia hadi alipwe. Wenye nyumba za wageni wana mzigo mzito zaidi: vitu vya mgeni aliyelala kwao vinahesabiwa kuwa amana, hata kama hawakuandikishana.

Hapa sheria na depo zinaonekana kugongana. Sheria inakataza kufungua sanduku, depo inataka begi lifunguliwe. Wakati wa kufungua ndio unaozipatanisha. Begi hufunguliwa na mwenyewe, kwa mkono wake, kabla halijapokelewa. Likishafungwa na kuandikwa, halifunguliwi tena hadi arudi. Mtunzaji anayeelewa mpaka huo hatahitaji wakili.

Mwenyewe anapochelewa

Sasa turudi kwenye lile jambo zito. Machi 2020, kwa sababu ya korona, Burundi ilifunga mipaka yake. Njia ya nchi kavu kati yake na Kongo ilifunguliwa tena Juni 2021. Mtu aliyeacha balo Bujumbura akisema anarudi keshokutwa alikaa mwaka mmoja na zaidi akitazama taa za mji ule usiku kutoka Uvira. Hakuna kanuni ya stesheni yoyote ninayoijua inayosubiri muda huo.

Kisha ikaja 2025. Mwezi Februari, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, maelfu ya watu wa Uvira na wa bonde walivuka kwenda Burundi, wengine kwa kupita mto Ruzizi wenyewe. Desemba vita vikafika Uvira. Aliyekimbia alibeba watoto, maji na sufuria. Vilivyobaki aliwaachia jirani, ndugu au mwenye depo, wengine kwa neno moja tu mlangoni. Nyakati kama hizo mtunzaji huwa na mzigo wa watu ambao hajui wako kambi gani, na yeye mwenyewe hajui kama atalala nyumbani kesho.

Katika hali hiyo kuna jaribu lile lile la Ujiji. Simu haipatikani. Miezi inapita. Chumba kimejaa, kodi inadaiwa, na mtu anakuja na pesa taslimu akitaka kununua godoro lililokaa bila mwenyewe. Kusema "huyo hatarudi tena" kunaanza kuonekana kama busara. Nawasihi wanaotunza mizigo wakatae sentensi hiyo. Kuchelewa kwa mtu wa bonde hili kuna sababu nyingi, na kifo ni moja tu kati yake. Aliye kambini ng'ambo ya mto mara nyingi hana kingine duniani isipokuwa kile alichokuachia. Ukimrudishia cherehani yake, umemrudishia kazi. Ukimrudishia bahasha ya diplomu za watoto, umewarudishia shule.

Nawasihi pia wenye mizigo. Aliyepata simu apige, hata kama hana pesa ya kulipa. Sauti yake peke yake inamwondolea mtunzaji mashaka ya miezi. Na anayeacha vitu vinavyooza, kama ndagala mbichi au matunda, atoe ruhusa tangu mwanzo: viuzwe siku fulani, pesa zitunzwe. Hapo hakuna atakayemlaumu mwenzake.

Chumba kinachopaswa kujengwa

Treni inasogea tena kuelekea huku. Juni 2024 Tanzania ilianza kusafirisha abiria kwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Julai ikafika Dodoma. Agosti 2025, Tanzania na Burundi zilizindua ujenzi wa reli kutoka Uvinza hadi Musongati, na mpango wake unatazama hadi mashariki ya Kongo. Wahandisi watapima vilima, madaraja na uzito wa madini. Naomba wapime pia viroba vya mama anayetoka Baraka.

Chumba chenyewe hakina gharama kubwa: sakafu iliyoinuliwa juu ya alama ya mafuriko ya 2020, vichanja vya chuma, sehemu ya samaki yenye hewa yake, mizani, daftari na mtu wa kulishika usiku na mchana. Bei ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, kwa siku na kwa kipande, ili mgeni asilipe zaidi ya mwenyeji. Wakati reli bado ni ramani, chumba hicho kinaweza kuanza bandarini Kalundu na kwenye parkingi za magari, chini ya usimamizi wa mji.

Kanuni yake ndiyo inayopaswa kuandikwa na watu wa hapa, kwa sababu ya kuazima haitafaa. Mzigo usihesabiwe kuwa umeachwa kabla mwaka haujapita. Siku ambazo mpaka, barabara au bandari imefungwa zisihesabiwe kabisa. Kabla ya kuuza chochote, mtu wa pili aliyetajwa daftarini atafutwe, na tangazo lisomwe katika redio za mji, ambazo husikika hata ng'ambo ya Ruzizi. Kikiuzwa, gharama za kutunza zikatwe na pesa zinazobaki ziwekwe kwa jina la mwenyewe, zimngoje yeye au watoto wake.

Maarifa haya hayahitaji kutafutwa mbali. Yako kwa wenye depo wa Kalundu, Mulongwe na Kavimvira, waliotunza vitu vya watu katika mafuriko, korona na vita. Wao ndio waitwe mezani kwanza, kabla msingi wa stesheni haujachimbwa, na wanaposimamia chumba hicho walipwe kama wafanyakazi wengine wa reli.